Gata la Juu ya Lango

Popo hakuwa mtu wa kutulia hata siku ya mapumziko, lakini wiki ile alizidi. Alikunywa chai amesimama. Aliongea huku anazunguka meza. Dada yake akamwambia, "Kaka, utanitoboa sakafu," naye akajibu kwamba sakafu angalau iko chini, ikitoboka mtu haanguki mbali.

Kilichomnyima raha kilikuwa kipande kimoja cha gata.

Kiwanda cha magunia kilikuwa jengo la zamani, matofali mekundu yaliyogeuka rangi ya ini kwa moshi na mvua, na paa la meno meno kama msumeno. Waliolijenga walikuwa matajiri wa enzi zile waliopenda vitu vizito. Kwa hiyo magata yake, ile mifereji inayopita ukingoni mwa paa kukusanya maji ya mvua, hayakuwa ya bati kama ya nyumba zetu. Yalikuwa ya chuma kinene, kila kipande mzigo wa wanaume kadhaa, na yalishikwa ukutani na mikono ya chuma iliyopigiliwa kwenye matofali kabla baba zetu hawajaota ndevu. Waliolimiliki jengo baadaye walibadilisha jina langoni, wakabadilisha rangi ya milango, wakabadilisha hata kofia za walinzi. Mikono ya gata hakuna aliyeigusa. Mgeni haoneshwi huko juu.

Jina la Popo alipewa kwa sababu alishinda ananing'inia chini ya mapaa ya watu. Magata ndiyo yaliyomlisha. Kazi hii ya kiwandani walipewa yeye na shemeji yake, mume wa dada yake: mmoja juu, mmoja chini ameshika kamba, kama walivyofanya miaka yote. Dada naye alikuwa humohumo kiwandani, akishona midomo ya magunia, na ndiye aliyesikia kwamba anatafutwa fundi. Kazi ilikuwa ya ukoo mzima. Ikiharibika, ingeharibika kwa ukoo mzima.

Siku ya kwanza Popo alipanda na nyundo ndogo, akagonga mkono mmoja baada ya mwingine. Penye uzima paliita. Penye kutu palijibu kama kopo bovu. Ukuta wa nyuma ulikuwa na afadhali. Ubavuni ilikuwa kazi ya kawaida: viungo vilivyoachia, tope la majani, viota vya njiwa, na mche wa mti uliokuwa umejiotea humo ndani kwa raha zake kama mpangaji asiyedaiwa. Lakini kile kipande cha juu ya lango, kinachopita sawasawa juu ya vichwa vya watu wakiingia na kutoka, kilikuwa kimeshikwa na mazoea tu. Alichomeka bisibisi nyuma ya mkono mmoja, ikazama mpaka kwenye mpini. Akakichora msalaba mkubwa wa chaki, akashuka kwenda kumwona msimamizi.

Msimamizi walimwita Kipaza. Hata akikuomba kiberiti, mtaa wa pili wanajua anataka kuvuta.

"Kile cha langoni kinashuka," Popo alimwambia. "Tunakiteremsha kwa kamba na kapi, tunaweka mikono mipya, tunakirudisha. Siku hiyo lango lifungwe."

Kipaza alimtazama kama mtu aliyeombwa figo. "Lango lifungwe? Wewe umeitwa kuziba na kupaka rangi. Kuna wanunuzi wanakuja kulitazama jengo. Wanatazama wakiwa chini, fundi. Hakuna atakayepanda huko kukusalimia."

"Na wanaopita chini?"

"Wanapita. Hawalali hapo."

"Mfagiaji naye alikuwa anapita."

Kipaza akakunja uso, akageukia makaratasi yake.

Popo alikuwa na ugonjwa huo: hakusahau. Wenzake walisahau kwa sababu ukikumbuka kila kitu hupati usingizi, na yeye kweli usingizi hakuupata. Alikuwa kijana bado, mbebaji wa vifaa vya mjomba wake, siku kipande cha gata la upande wa mashariki wa kiwanda hikihiki kilipoachia na kumwangukia mama mfagiaji. Alikuwepo kwenye kundi lililosimama nje ya uzio. Aliikumbuka rangi ya shati la meneja wa wakati ule. Alikumbuka fagio lilivyobaki limesimama wima, limeegemea ukuta, kama linamngoja. Na zaidi ya yote alikumbuka maneno ya meneja, yaliyosemwa kwa upole kabisa, mkono mfukoni: kwamba marehemu alisimama mahali pasipo ruhusa. Si gata lililoanguka mahali pasipo ruhusa. Marehemu. Wakamzika na kosa lake. Kesho yake wafagiaji wapya wakaambiwa wafagie haraka haraka, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatua ya usalama.

"Haya," Kipaza alisema alipoona mtu haondoki. "Katengeneze hiyo mikono yako. Lakini lango silifungi mimi."

Popo akaenda kwa mhunzi. Alishinda huko siku mbili akimsimamia, maana mhunzi yule ukimpa kisogo moto unabaki peke yake. Aliporudi, gunia la vyuma begani, alikuta kipande cha langoni kimepakwa rangi nyeusi, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Msalaba wa chaki haupo. Shemeji alikuwa ameketi kwenye tofali, anafuta brashi kwa kitambaa.

"Nimekimaliza, shemeji."

"Umekimaliza wewe na nani?"

"Vibarua wa stoo walinisaidia, wao ndio waliopanda. Kipaza alitoa mikono iliyokuwa imelala huko ndani. Chuma cha maana kuliko hiki chako."

"Mlikiteremsha?"

"Jioni, watu walipokwisha toka."

"Kapi ninalo mimi."

"Tulitumia la lori." Shemeji aliendelea kuifuta brashi iliyokwisha takata. "Mbona unanihoji kama polisi? Nimekupunguzia kazi, sema asante."

Popo hakusema asante. Akatafuta ngazi ndefu ili apande, akaambiwa imechukuliwa kupaka rangi kibao cha ofisi. Akaizunguka yadi. Akasimama chini ya gata, akainua uso, hakuona kitu ila weusi mtupu. Mashine ndani zilikuwa zinatwanga, ukuta unatetemeka chini ya kiganja chake, na kila mtetemo aliuhesabia mahali ulipokuwa unaelekea.

Jioni, nyumbani kwa dada, ndipo alipopata nusu ya habari. Dada alikuwa na furaha ya kumwagika.

"Baba watoto amepata kazi ya stoo," alisema. "Ya kudumu. Kukaa chini, kivulini, na kiti. Kipaza mwenyewe kamwahidi. Wageni wakishaondoka tu, anaanza."

Shemeji alikuwa anakula bila kuinua uso.

Popo alielewa mengi papo hapo, na hakutaka kuelewa zaidi. Alijua kwamba tangu mvua za mwaka uliopita, shemeji alipoteleza juu ya ghala na kubaki ananing'inia kwa mkanda mpaka watu wakaja kumtoa, mtu yule hakuwa tena mtu wa juu. Kamba aliishika vizuri, hakuna aliyemshinda. Lakini kupanda, hapana. Kwenye ngazi ya tatu magoti yalianza kucheza ngoma yao wenyewe. Walikuwa wakilificha jambo hilo kwa utani. "Magoti ya shemeji yamestaafu, mwenyewe bado," Popo alikuwa akisema, na wote wakacheka. Sasa magoti yamepata kiti. Nani angemlaumu mtu kwa kutaka kiti?

"Unazunguka nini, kaka? Kaa ule."

"Nakula nikitembea. Inashuka vizuri."

"Punda wewe."

Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Aliwaza amuulize shemeji uso kwa uso. Aliwaza dada yake alivyokuwa anacheka. Akawaza kwamba huenda kweli vibarua walisaidia, huenda lori lilikuwa na kapi. Mtu akiwa hataki kugombana na mume wa dada yake anaweza kuamini mambo mengi.

Siku ya kukabidhi kazi wale wageni wanunuzi wakaja, wanaume waliovaa viatu visivyofaa kwa yadi ile, na tajiri mwenye kiwanda akawatembeza huku ameshika mmoja wao begani. Gari lake lilikuwa ndani, karibu na ofisi. Kipaza alikuwa ametangaza kwa kila mtu kwamba fundi wetu atakalia magata, na kwa kweli hilo lilikuwa jambo la kutazamwa.

Mjomba ndiye aliyeianza desturi hiyo. Fundi wa ukoo ule hakukusanya vifaa vyake kabla hajaketi kitako ndani ya kila kipande alichokitengeneza, miguu inaning'inia nje, mbele ya mwenye jengo. Likikubeba wewe, litabeba maji. Na ilikuwa na kanuni moja ambayo haikuvunjwa hata mara moja: kila mtu hukalia kazi ya mkono wake. Ya mwenzako huikalii, kwa sababu ukiikalia umemwondolea mwenzako mzigo wake, na siku nyingine atafanya ovyo akijua kuna makalio ya kuazima.

Kanuni hiyo ndiyo iliyompoteza shemeji. Aliipigia hesabu akaona imemfaa. Popo hatakikalia cha langoni, kwa sababu si kazi yake. Shemeji hatakikalia, kwa sababu ya magoti, na Popo ni mtu wa kusitiri magoti ya ndugu. Kitabaki hivyo hivyo, hakuna aliyekigusa, wageni wataondoka, yeye ataingia stoo, na baadaye, polepole, akiwa na cheo kidogo, atatafuta njia kitengenezwe. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya peke yao hawawezi kufanya madhara yote yaliyopo, lazima wapate msaada wa watu kama shemeji.

Popo alipanda. Kamba ilitoka kiunoni kwake, ikapita kwenye chuma cha paa, ikashuka mpaka mikononi mwa shemeji aliyekuwa amesimama yadini, miguu ameipanua. Alikalia vya nyuma. Akakalia vya ubavuni, akabembeza miguu, wageni wakapiga makofi, mmoja akapiga picha. King'ora cha zamu kikalia. Wafanyakazi wakaanza kumwagika yadini, wanawake wengi, vumbi la nyuzi kwenye nyusi, vibegi mkononi, wote wakielekea langoni na macho yao yako juu.

"Na hicho cha lango, Popo!" Kipaza akanguruma.

Popo akasogea ukingoni, hakukalia. Akanyoosha mkono, akaushika mkono wa chuma wa kwanza. Rangi ilikuwa bado inanata. Akabonyeza kwa dole gumba. Kilichoingia chini ya kucha hakikuwa chuma. Kilikuwa udongo wa saruji mbichi, na ndani yake kitambaa, na kutoka kwenye kitambaa ukachungulia uzi. Uzi wa gunia. Mkono ulikuwa uleule wa kale, umezibwa kwa matambara ya kiwanda na kupakwa rangi juu, kama maiti aliyevishwa suti. Akagusa wa pili. Hivyo hivyo.

Akatazama chini. Shemeji alikuwa anamtazama, na kwa mwendo mdogo ambao watu wengine wangedhani ni nzi anayefukuzwa, alitikisa kichwa. Usikae.

Popo angeweza kujitia hamnazo. Angeweza kupungia watu mkono, kushuka, na kulimaliza jambo nyumbani, kifamilia, mlango umefungwa. Chini yake wanawake wa kwanza walikuwa wameshafika karibu na lango, na kati yao dada yake, ameinua uso, anatabasamu kwa fahari ya kuwa na kaka juu na mume chini.

"Hicho si changu," Popo alisema kwa sauti ya kusikika yadi nzima. "Hicho ni kazi ya shemeji. Akikalie yeye."

Watu wakacheka. Walizoea utani wao. Shemeji hakucheka.

Na kamba ilikuwa mikononi mwake. Popo alilijua hilo: alikuwa ananing'inia kwa mtu ambaye yeye mwenyewe anamvua nguo hadharani. Kamba ikalegea kidogo, upana wa vidole, halafu ikakaza. Shemeji alikuwa amepangusa jasho tu.

"Haya basi, baba watoto," dada akaita. "Panda ukikalie, twende nyumbani."

"Siwezi."

"Magoti?"

Kipaza alikuwa ameanza kusema jambo juu ya muda na wageni.

"Si magoti," shemeji akasema. "Kisikaliwe na mtu. Wala msipite."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini aliyekuwa karibu alimwambia aliye nyuma, na habari ikarudi nyuma kupitia kundi zima mpaka kwenye mlango wa mashine. Wanawake wa mbele wakasimama. Wa nyuma wakasukuma, wakaelezwa, wakasimama nao. Pakabaki eneo tupu chini ya lango, jeusi kwa kivuli cha gata.

"Tokeni, tokeni," tajiri alisema, akipunga mkono kama anayefukuza kuku. "Ni gata tu. Limekaa hapo miaka."

"Basi tangulia wewe, mzee," mshonaji mmoja mnene akasema. "Sisi tutakufuata. Wewe ndiye mkubwa."

Tajiri hakutangulia. Wageni nao walikuwa wamesharudi nyuma mpaka kwenye baraza ya ofisi, na viatu vyao visivyofaa. Kipaza akamshika mfanyakazi mmoja kiwiko ili amvute, mwenzake akaushika mkono wa Kipaza, akauondoa tu na kumrudishia kama mtu anayemrudishia mwenzake kofia. Hapo dada wa Popo akaweka kibegi chini, akakikalia, palepale, mbele ya watu wote. Mwingine akakaa. Si wote. Wapo walionung'unika kwamba wana vyungu jikoni. Mmoja aliyeacha mtoto wa kunyonya kwa jirani alipitishwa kwenye dirisha la stoo, wenzake wakimsukuma kutoka nyuma, yeye akiwatukana kwa kicheko na machozi.

"Shemeji," Popo akaita. "Nifungie kamba kwenye nguzo, halafu unirushie ya kapi."

"Umeshanimaliza. Sasa unataka kapi."

"Nataka ushike. Nani mwingine hapa anajua kushika?"

Shemeji alimtazama mke wake. Mke alikuwa anatazama lango. Akaifunga kamba ya Popo kwenye nguzo, akaijaribu kwa uzito wake mwenyewe, akaijaribu tena, kisha akaleta ya kapi.

Popo hakufanya kazi kwa ustadi siku ile, alifanya kwa hasira. Alifunga gata mahali pawili, akapiga viungo kwa nyundo mpaka kutu ikamjaa mdomoni. Mikono ya chuma haikuhitaji hata kukatwa. Alipougusa wa mwisho, ilitoka mmoja baada ya mwingine kama meno ya mzee, na kipande chote kikajitupa hewani, kikazunguka, kikaukwangua ukuta kwa sauti iliyowanyamazisha hata walionung'unika. Shemeji aliburuzwa hatua kadhaa, visigino vinachimba yadi. Walioketi karibu waliruka wakashika mkia wa kamba nyuma yake, bila kuambiwa, bila kupangana, mmoja akimkanyaga mwenzake na kuombana radhi. Gata likasimama. Lilikuwa linaning'inia katikati ya lango, usawa wa kifua, limeziba njia, linapumua huku na huku.

"Lishusheni pembeni," tajiri akasema. "Haraka. Wageni wana safari."

Shemeji alitaka kulegeza. Viganja vyake vilikuwa vimechunika, na mazoea ya kutii hayatoki kwa siku moja.

"Funga hapohapo," dada akasema. Hakumwangalia.

"Mama watoto..."

"Funga. Na leo utalala kwa mama yako, nimeshakuambia mapema ili usije ukasumbua watu mlangoni."

Mshonaji mnene akacheka, akaziba mdomo. Shemeji akafunga. Alifunga vizuri, kifundo cha kazi, akaketi chini na mikono yake mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Kiti cha stoo kilikuwa kimekwenda, kila mtu alijua, naye alijua kabla yao.

Juu, Popo alikuwa ameshachukua tindo na kuanza kuchimba matundu mapya ya mikono ya mhunzi kwenye matofali yenye uzima. Unga mwekundu ulimwagika ukutani. Hakujua kama atalipwa, hakujua kama dada yake atamsamehe, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa na nafasi ya kuzunguka. Hata hivyo mguu wake mmoja ulikuwa unatikisika kwenye ngazi, unataka kwenda mahali.

Dereva wa tajiri aliwasha gari, akapiga honi. Hakuna aliyesogea. Akapiga tena, ndefu zaidi.

Kipaza akamwendea dada, akainama, na safari hii alijitahidi kusema taratibu, ingawa wote walisikia. "Wewe kesho usije."

"Kesho nitakuja," dada akasema. "Nataka kujua nitapita wapi."

Nyuma yake mtu akauliza kama kuna aliyebakiza maji ya kunywa, chupa ikaanza kupita mkono kwa mkono, na nyundo ikaendelea.